Treni ya Dandora Yafika Kianjokoma

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto wangu Ndambiri ameweka kipande cha sabuni kwa sahani ya guka, babu yake. Sasa hivi! Niligeuka kufunika sufuria tu. Baba akapapasa, akachukua, akauma. Akatafuna. Mimi nimesimama na kifuniko mkononi. Akameza, akasema viazi vitamu vya mwaka huu vina maji mengi, lakini asante mama, umepika vizuri.

Umepika vizuri! Povu kwa masharubu.

Baba ni baba ya mume wangu, Nyamu. Mtoto ndiye wa kwanza wetu, kwa hivyo alipewa jina la guka yake, na Baba huniita mama kwa sababu nimemzaa Ndambiri. Raha tupu, isipokuwa siwezi kumgombeza mtoto kwa jina. Siku moja nilipaza sauti, Ndambiri, wacha ujinga! Baba akatoka nje polepole, akaniuliza amekosea wapi.

Macho yake yote mawili yameingia ukungu. Daktari wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa tu, lakini asikawie, akikawia anaweza kuwa kipofu kabisa. Alhamisi madaktari wa macho wanakuja hospitali kubwa mjini Embu, na gari la kanisa litabeba wazee kutoka sokoni. Nyamu amempigia simu kutoka Siakago, kule anauza misumari na mabati. Akambembeleza. Baba akamjibu anaona hata sisimizi akipiga miayo.

Na mimi ni mke wa mtoto. Nisimame mbele ya baba mkwe nimwambie wewe huoni? Naanzia wapi?

Lakini nina mpango. Baba alitoboa tiketi kwa treni za Nairobi miaka mingi. Hapa kwetu Kianjokoma hakuna reli, hata honi hatuisikii, lakini yeye akiamka anaita stesheni: Makadara, Dandora, Githurai. Anasema watu wa televisheni walikuja siku moja na kamera, wakampiga picha akitoboa, akatokea kwa taarifa ya habari. Hakuna mtu huamini. Sasa: natafuta sinema ya hiyo treni, namwekea, anaangalia, haoni kitu. Anahuzunika kidogo. Anasema kwa mdomo wake, sioni. Alhamisi tuko kwa gari!

Sikumaliza shule, lakini kichwa kinafanya kazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kwa Lorna, yule anauza sinema za kuwekewa kwa flashi pale sokoni. Nikamwambia nataka treni ya Nairobi ya zamani, ile ya rangi nyeusi na nyeupe. Akanicheka. Akasema yeye ana Wakorea na wahubiri, treni hajawahi kuulizwa. Nikamwambia aingie kwa mtandao atafute, nimemletea parachichi za kutosha.

Akatafuta. Akapata! Moshi, filimbi, watu wa kofia wamejaa kama siafu, kwa mbali. Akaniuliza kama nina uhakika hiyo ni Nairobi. Nikamuuliza treni ngapi anajua yeye. Akaniwekea kwa flashi. Nilitaka kuangalia hadi mwisho, lakini Ndambiri alikuwa amevuta waya na duka lote likazima. Tukaondoka haraka kidogo.

Televisheni yetu ina shida yake. Picha hupotea, sauti inabaki. Ukiipiga kofi ubavuni inarudi. Nimeipiga mara kadhaa leo, kuizoeza.

Sasa mambo yameharibika. Peninah wa jirani amesikia. Lorna hawezi kunyamaza hata akilipwa. Peninah amesema atakuja na baba mkwe wake, Mzee Mbogo, naye aone treni, maskini, amekaa tu. Sikumwalika mtu! Akaongeza kwamba angeleta televisheni yao, ile kubwa, kwa sababu yangu ni kama dirisha la choo. Nikamwambia asante, dirisha linatutosha.

Mzee Mbogo ndiye mbaya wa Baba tangu ujana. Naye aliishi Nairobi, na alipanda hiyo treni ya Dandora kila asubuhi. Baba anasema hakuwahi kumwona na tiketi. Mbogo anasema hakuwahi kumwona Baba na akili. Macho yake naye yameingia ukungu, na naye hataki kusikia.

Jumatano, 5 Machi

Woi.

Wamefika mchana. Baba amevaa koti lake la reli, limebaki na kifungo kimoja. Mbogo akakaribishwa kiti kizuri. Nikaweka flashi. Filimbi ikalia, na Baba akanyooka kama mtu ameitwa na bosi. Treni ikatokea, ikavuka daraja kubwa.

Halafu picha ikapotea. Skrini nyeusi ti! Sauti iko: chaka-chaka, chaka-chaka.

Nikaruka kuipiga kofi. Baba akaniambia, kwa heshima sana, mama, toka hapo mbele, unatuzibia.

Nawazibia nini? Nikakaa.

Basi wakatazama giza. Baba akatuonyesha mama wa ndizi pale kwa jukwaa, yule alikuwa akimwachia moja kila asubuhi. Akatuonyesha mwenye saa ya mnyororo. Mbogo akasema eeh, namwona, amenenepa. Akasema tena, na huyo wa kofia, amesimama mlangoni kama bwana, huyo ni mimi! Baba akasema hapana, huyo wa mlangoni ni Ndambiri, anatoboa tiketi, hiyo ndiyo siku ya televisheni. Mbogo akasema televisheni itafute nini kwa mtoboa karatasi. Baba akasema mlangoni Mbogo hawezi kuwa, yeye alikuwa ananing'inia nje kama popo akimkwepa.

Peninah akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akaufunga.

Ndambiri mdogo akaenda akaweka viganja vyake kwa kioo. Baba akasikia kikigongwa, akapiga kelele tumtoe mtoto kwa reli.

Walipoondoka, Baba akasema hajawahi kuona picha safi namna hiyo. Kwamba mimi nina televisheni nzuri kuliko watu wote Kianjokoma. Nikaingia jikoni nikalia kidogo. Mpango wa kumfanya aseme haoni, na ameona hadi saa ya mnyororo! Gari linakuja kesho asubuhi.

Baadaye, nikisonga ugali, akaja mpaka mlangoni. Akaniuliza polepole yule mtu wa kofia, pua yake ilikuwa namna gani. Nikasema, Baba, kusema kweli mimi sikuona vizuri. Akasema, hata wewe? Nikasema, hata mimi. Akapapasa ukingo wa mlango kwa dole gumba, juu chini, juu chini. Halafu akasema huyo Mbogo hawezi kuachwa afe akiamini uongo. Akaniuliza gari la kanisa linasimama wapi.

UMEONA! Mpango umefaulu! Haukupita njia niliyoukatia, lakini umefika.

Alhamisi, 6 Machi

Sokoni, umande mwingi. Siwezi kumshika mkono baba mkwe barabarani watu wakitazama, kwa hivyo nilimpa mtoto. Ndambiri akashika kidole cha Ndambiri, wakatembea mbele, mimi nyuma nikisema mtoto, hapo kuna jiwe! mtoto, hapo kuna shimo! Mtoto hakujali. Baba aliruka kila kitu vizuri.

Tulipofika hospitali Embu wameingia naye ndani. Ni jicho moja tu leo. Amesema moja linamtosha Mbogo.

Nimekaa kwa benchi nikaomba. Mungu, aone. Hata uso wa huyu mtoto tu. Amemjua kwa kumshika masikio, na masikio si mtu.

Simu ikalia katikati ya maombi. Lorna. Anasema, Kiende, umekaa? Ameangalia ile sinema hadi mwisho. Si Nairobi. Hata si Afrika. Ni Ulaya, mji gani hajui, na mwishoni kuna theluji.

Theluji!

Ijumaa, 7 Machi

Tumelala huku hospitali, na asubuhi wamefungua bandeji. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Ndambiri mgongoni. Baba akapepesa. Akatutafuta. Akaniambia nimshushe mtoto.

Akamtazama. Akamtazama tu. Halafu akasema, kumbe huyu ni wa mama yake Nyamu, paji la uso ni lile lile. Mama yake Nyamu ni marehemu, hata mimi sikumkuta. Muuguzi akageuka akapanga dawa zilizokuwa zimepangwa.

Akanitazama na mimi, mara moja tu, kwa heshima. Akasema nimekonda, nani hanilishi.

Hiyo furaha ilidumu hadi nyumbani. Hata hajakaa: lete treni.

Nikasema, Baba, stima imepotea. Akanyoosha kidole juu, akaniuliza na hiyo inayowaka ni nini. Taa! Sikuzoea. Miezi yote hii nimekuwa nikimwambia chochote.

Nikasema, flashi nayo haionekani. Nilikuwa nimeifukia ndani ya debe la unga. Tumekaa kidogo, Ndambiri akatoka jikoni mweupe kuanzia nywele hadi kucha, akatembea moja kwa moja, akampa guka yake flashi mkononi.

Nilifungua mdomo nimgombeze. Jina likanikwama.

Nikasema basi tungoje Jumapili, ili Mzee Mbogo awepo ashindwe mbele ya watu. Baba akapenda. Nina siku ya kufikiria.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiria. Nitaipa televisheni kofi kubwa picha isirudi kabisa. Giza liliwafaa mara ya kwanza.

Nimeipiga. Sasa picha haipotei! Miaka miwili imenisumbua, leo imepona.

Nikachomoa waya mmoja nyuma. Imekufa, sauti na picha. Afadhali.

Jumapili, 9 Machi

Peninah amekuja na televisheni yao. Ameibeba kwa leso mgongoni, kama mtoto. Ati amesikia yangu imekufa. Kubwa, safi, unaona hata mavumbi. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Wazee wakakaa. Filimbi. Daraja. Mara hii kamera ikasogea karibu, na hao hapo: wazungu watupu, masharubu marefu, wanawake wamevaa manyoya ya wanyama. Theluji ikaanza kuanguka juu ya treni. Ilianguka, ikaanguka. Niliangalia miguu yangu.

Mbogo alikuwa ameegemeza kidevu kwa bakora, amekaza yale macho yake ya ukungu. Akauliza, sauti ndogo, si ya kujigamba hata kidogo: huyo wa mlangoni, Ndambiri, si ndiye mimi?

Peninah akashika pumzi. Baba aligeuza kichwa akanitazama na lile jicho jipya, linang'aa, linanipitia hadi mgongoni. Nikajua nimekwisha. Hataniita mama tena.

Halafu akarudi kwa skrini. Akasema, ndiyo. Ni wewe, Mbogo. Nilibisha bure. Na umevaa vizuri, mwizi wewe, ukienda wapi bila tiketi? Nenda ufunguliwe macho ujionee.

Mbogo akavimba kama andazi. Akamwambia Peninah amuulizie madaktari watarudi lini. Na aulize leo, si kesho. Peninah akanikanyaga mguu, lakini polepole, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Walipokuwa wametoka Baba alinipita uani. Akasema tu, mama, miaka yote nimekaa Nairobi sikuwahi kuona theluji. Akacheka mpaka akashika nguzo ya boma. Akajifuta lile jicho moja, polepole, vile daktari alisema. Akaniambia walimpiga picha kweli. Siku nikipata ile yenyewe, nimwite, hata kama ni usiku.

Nikasema, Baba, mimi naamini. Na naamini.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna shida moja. Mbogo akifunguliwa macho atataka kujiona mlangoni. Ataona masharubu.

Lakini nina mpango. Tutaipiga picha wenyewe! Lorna ana simu nzuri, na anasema rangi nyeusi na nyeupe ni kubonyeza tu. Mlango wa treni ni ule wa kinu cha posho, tutaupaka chokaa. Mbogo anasimama na kofia. Baba na koti lake, nitalishonea vifungo, anatoboa tiketi, watu wa televisheni wamemfuata tena, na mara hii hakuna wa kumbishia. Peninah awe mama wa ndizi, mwili anao. Nani atajua? Moshi utatoka kwa kuni mbichi, na Ndambiri atapuliza filimbi, nimemwonyesha leo, anaweza, anameza kidogo tu. Kisha Nyamu na jino lake bovu ambalo hataki kung'olewa, huyo naye anapenda mpira wa zamani, kwa hivyo nikimwekea ule wa

Baba ananiita. Anasema mama, wacha kuandika ukuje mbio, ameona kwa macho yake mwenyewe huyu mtoto akiweka sabuni kwa sahani ya