Maombi ya Saa Mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya arobaini na moja bila heroini. Kila asubuhi saa mbili lazima nifike kliniki ninywe methadoni, dawa ya kuzuia kiu ya heroini, muuguzi Muhonja akinitazama hadi nimeze. Saa mbili hiyo hiyo natakiwa kazini buchani, soko la nyama la Burma, kisu mkononi. Leo Okinyi, mkata nyama mwenzangu anayeimezea mate nafasi yangu, amenichongea kwa Mama Kui, mwenye bucha, kwamba nachelewa kila siku. Mama akauliza huwa natoka wapi. Nikajibu, maombini. Alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa mtu. Nikajipongeza.

Jumanne, 4 Machi

Nimejipalia makaa. Mama Kui ametangaza kwamba wiki hii maombi yatafanyika buchani, saa mbili, na nitaongoza mimi. Kliniki hupokea waliochelewa hadi saa nne tu. Saa nne kasorobo bado tulikuwa tunaimba. Sikupata dawa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya tatu bila dawa. Mifupa inauma, machozi na makamasi hayakomi. Katikati ya sala nikaanza kutetemeka, nikashikilia gogo la kukatia nyama. Mama Kui akasema Roho ameshuka. Wateja wakapiga magoti. Hata Okinyi alilia, mnafiki yule. Mimi nilikuwa naomba kweli, mara ya kwanza wiki hii: nisitoke pale nikamtafute muuzaji. Niliogopa sana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoroka kwenda kliniki. Muhonja hakunigombeza. Alisema wengi wakikosa siku tatu hawarudi tena. Nimeanzishwa upya kwa dozi ndogo. Akaniandikia barua ya kumpa mwajiri, kwamba nina matibabu kila asubuhi, basi. Nikaenda nayo Burma.

Mama Kui alikuwa mlangoni, hana hasira. Akaniambia polepole, “Odero, kama kuna kitu inakusumbua, niambie tu. Mimi sitakufukuza.” Akasema kaka yake alificha ulevi wake hadi wakamzika, na mpaka leo hajajisamehe kwa kutouliza.

Barua ilikuwa mfukoni, vidole vimeishika. Nikafungua mdomo, nikamwambia Mungu amenituma niwaombee wagonjwa kliniki, kila asubuhi.

Alinikumbatia. Kesho tunaenda pamoja, yeye na kwaya nzima ya akina mama. Nimewashauri wavae sare.