Pikipiki Inayozimika Ikitaka

Jumatatu, 4 Machi

Karakana ya mwanangu imepata mgeni wa heshima! Pikipiki kubwa ya safari, ya zamani, ina masanduku ubavuni utadhani inahama. Mwenyewe ni mzee asiyevua helmeti hata akisalimia watu. Nimempa jina: Mzee Helmeti. Kasema inazimika ikitaka, inawaka ikitaka. Taa, injini, honi, vyote vinakufa kwa mpigo, halafu baadaye inawaka kama si yenyewe. Mafundi wengine imewashinda. Na Jumamosi anasafiri nayo na wenzake.

Ikipona, wenzake wote wataleta pikipiki zao kwa mwanangu. Isipopona, watazipeleka kwa Fundi Kioo, yule fundi mwenzake mwenye karakana ya vioo mbele, mkwe wa jirani yangu wa ghorofani. Mkwe tu! Hata kumzaa hakumzaa, lakini kwa majigambo yake utadhani alimnyonyesha.

Nimemwambia mzee aende zake akapange nguo, kwa mwanangu hakuna kinachoshindikana. Mwanangu kanikata jicho. Alikuwa bado hajaigusa.

Jumanne, 5 Machi

Inanguruma juu ya stendi tangu asubuhi. Haizimiki! Mwanangu kakaa mbele yake na taa yake ya kupimia umeme, anaisubiri iharibike. Mtoto mwenye akili zile, toka tumboni alikuwa anapiga teke kwa mpangilio, leo kakaa anaomba kitu kiharibike. Kanipa amri: "Mama, usiguse kitu. Nabadilisha kimoja kimoja, nijue kipi ni kipi."

Kukaa siwezi. Nimefagia, nikafagia tena. Nimepanga spana kwa ukubwa, kisha kwa uzuri. Alipokwenda kunywa chai nikatundika kikapu changu cha viazi kwenye usukani, upande wa kushoto, nipate kufagia chini. Usukani ukageuka. Pikipiki ikazimika. Kimya!

Nimeiua! Nikatoa kikapu, nikanyoosha usukani, nikabonyeza kile kitufe anachobonyezaga yeye. Ikawaka. Aliporudi akauliza kama imezimika. Nikasema haijazimika hata kidogo. Mama naye ana siri zake.

Jumatano, 6 Machi

Anatikisa nyaya, mmoja mmoja, kuanzia nyuma. Kasafisha vichwa vya betri. Kabadilisha fyuzi. Wapi! Chakula hajagusa. Mimi nimekula cha kwake kwa wasiwasi.

Jirani kateremka kuazima ufagio, na najua anao. Kachungulia, kaguna. Eti mkwe wake angeshamaliza na kunawa mikono. Nikamwambia mkwe wake ananawa sana kwa kukosa kazi. Akacheka: "Haya, Mama Fundi, si ulisema mwenye pikipiki anakuja Ijumaa kuijaribu? Tutaona."

Ijumaa! Kweli, nilisema. Nilikuwa bombani nachota maji na kujisifu, na Mzee Helmeti akapita, nikamkaribisha mbele ya watu wote. Mwanangu hajui. Midomo hii!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia mwanangu habari ya kesho. Kashika kichwa. Kaenda kutafuta waya.

Sasa nina mpango. Nimefungua kile kifuniko cha pembeni nikachungulia chini ya tangi: nyaya zimelegea, zinaning'inia hovyo. Ningekuwa waya mimi, nami ningezimika! Nimechana shuka kuukuu, nikazifunga mafundo, kwa nguvu zangu zote, toka kwenye tangi mpaka kwenye shingo ya usukani. Kifuniko nikakirudisha. Hata mzigo wa kuhamia sijawahi kuufunga vizuri namna hiyo.

Mwanangu kurudi, kawasha. Inanguruma. Nikaenda bombani kutangaza kwamba imepona.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Mtaa mzima ulijaa. Jirani kaja na kigoda chake na mkwe wake. Mwanangu kamwambia Mzee Helmeti ukweli, kwamba hajaipata hitilafu yenyewe. Nikadakia kwamba mwanangu ana unyenyekevu, kaurithi kwangu. Mzee akapanda, akaondoka vizuri, akafika kwenye kona, akakata kushoto.

Ikafa pale pale. Kabonyeza, haiamki. Kanyoosha usukani, haiamki. Safari hii ilikufa kabisa! Karudi anaisukuma, jasho linamtiririka ndani ya helmeti. Jirani kapiga makofi. Fundi Kioo kasema kwa upole kwamba kwake nafasi ipo. Mzee kamgeukia mwanangu: aiache au aichukue? Nikafungua mdomo. Mwanangu akasema, "Mama, naomba ukae." Nikakaa. Kigoda kilikuwa cha jirani.

Mwanangu kaomba aachiwe mpaka kesho asubuhi tu.

Watu walipoondoka kang'oa tangi. Kavuta kitambaa chenye mafundo: "Mama, hii si shuka yetu?" Nikasema inafanana.

Kumbe pale shingoni mwa usukani kulikuwa na waya uliokatika ndani kwa ndani, ngozi yake ya nje ikiwa nzima. Ulikuwa unagusana kidogo tu. Ukikata kushoto, unavutika, unaachana. Mafundo yangu yaliumalizia kabisa. Na kwa kuwa umekatika moja kwa moja, taa ya kupimia iliukamata papo hapo: upande huu inawaka, upande ule giza. Kanieleza mwenyewe huku akiunga waya mpya: hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo inayotesa, lakini inayokaa pale pale unaifuata mpaka unaishika.

Kageuza usukani kushoto, kulia, kushoto, mpaka nikaona kizunguzungu. Haikuzimika. Kakasirika, kacheka, kala sahani mbili. Halafu akauliza: hivi kweli siku ile alipokwenda kunywa chai haikuzimika? Nikamuuliza kama anataka mchuzi zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Imeondoka! Mzee kakata kushoto kwenye kona, makusudi, kazunguka mtaa, karudi kukata tena. Wenzake wanapiga honi. Kavua helmeti kumshika mwanangu mkono. Ana kipara! Kasema pikipiki za wenzake zitakuja hapa hapa. Jirani kafunga dirisha kwa kishindo, nikamfungulia redio.

Mwanangu kanishika bega. Kaniomba, kwa mapenzi yote aliyonayo kwangu, nisiguse tena pikipiki ya mtu. Nimekubali. Nimelia kidogo. Mtoto gani huyu!

Jumapili, 10 Machi

Ya kwanza imeshaletwa. Honi yake inalia ikitaka, inanyamaza ikitaka. Mwanangu kaitazama, kashusha pumzi, kaenda kulala, kachoka maskini. Ataanza kesho. Tena akae siku nzima anasubiri? Asile? Akonde, jirani afurahi?

Si amesema mwenyewe inayokaa ndiyo rahisi? Nimeleta mkasi wa jikoni. Nimechagua waya mwekundu, mnene, unaoonekana wa maana, nikaukata katikati, safi kabisa. Na ule wa bluu pembeni yake, usije ukasumbua.

Sasa haitakuja wala haitaondoka. Kesho ataishika kabla chai haijapoa.