Kongosho Langu Liwekwe Rafu Gani?

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimegundua nina kongosho! Miaka yote hii tumeishi pamoja bila kujuana. Daktari anasema ndilo linalonikata tumbo hadi mgongoni kila nikila, tena ni kongosho sugu. Sugu! Nikatoka kifua mbele. Dukani, ninakopanga misumari na skrubu kwenye rafu, nikamtambia keshia kwamba kongosho lake yeye ni la kawaida tu. Akanuna.

Jioni mke wangu, mwalimu wa lugha, akanikata maini, kana kwamba kongosho halitoshi. Sugu maana yake ugonjwa umenikaa, wala hauna haraka ya kuondoka. Akauliza umeletwa na nini. Nikasema bado wanachunguza. Akasema ikiwa ni pombe na sigara, ambazo anaamini nilikwisha kuziacha, anahamia kwa dada yake. Huyu akisema, amesema.

Jumatano, 6 Novemba

Kumbe magonjwa nayo hupangwa kama skrubu! Nimemuuliza daktari maswali hadi foleni ikaguna. Rafu ya sumu: pombe na sigara. Rafu ya kurithi. Rafu ya mwili kujishambulia wenyewe (ajabu hiyo, nitauliza zaidi). Rafu ya mfereji wa kongosho ulioziba. Na ile ya chanzo kisichojulikana. Hiyo ndiyo tamu! Kawekwa humo fundi cherehani niliyekaa naye benchi moja. Mkewe kambebea mto, anampepea, anamwita maskini mume wangu. Wivu umenila.

Mimi nimechagua kurithi. Marehemu hajitetei. Nikamwambia daktari kwamba baba alishinda ameshika tumbo. Macho yakamng'aa, akataka ndugu wa damu aje athibitishe. Hapo sikuwa nimepafikiria.

Ijumaa, 8 Novemba

Kaka nilimfundisha vizuri: baba alishika tumbo, basi. Mke wangu naye akaja, kwa huruma. Daktari akauliza mzee alilishika wakati gani. Kaka akasema kila alipocheka. Alipenda mizaha, na hakuwahi kuugua hata mafua hadi alipoanguka ngazini. Halafu, kwa wema wake, akaongeza kwamba ukoo wetu hauna ugonjwa wowote, ila juzi pale baa alinionea huruma nilivyokohoa na pakiti ya pili ya sigara. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikuvuka hata kizingiti!

Mke wangu akachukua mkoba wake, akatoka. Heri angefoka. Kubadili mada, nikauliza kama mtu anaweza kukaa rafu mbili. Daktari akasema ndiyo. Aliyerithi akinywa na kuvuta, kimoja humchochea mwenzake. Mimi ni wa sumu tu, ila pombe na sigara ni visababishi viwili, kila kimoja na madhara yake. Kisha akageukia ukali wa ugonjwa. Je, choo kina mafuta, kinaelea? Eti kinaelea! Sikuwahi kutazama. Kuanzia leo nitatazama. Vipimo vinasema mafuta chooni bado hayajaonekana, wala kisukari. Ni mwanzoni, akasema. Kilichoharibika hakirudi, ila nikiacha vyote viwili sasa, kilichobaki kinaweza kuokoka.

Nilipofika nyumbani, begi lake halikuwepo.

Jumapili, 10 Novemba

Nyumba kimya. Nimemkumbuka hadi kelele zake za kunisahihisha sarufi. Naogopa pia. Nimekwenda kwa shemeji, nikaapa mbele yao wote wawili: pombe basi, sigara basi. Kila neno lilitoka moyoni. Mke wangu akalia, nami nikalia. Anarudi kesho!

Njiani nikampitia keshia kumpa habari. Tumekunywa chupa ya kuaga pombe. Kisha ikabidi tukae tena tumalize pakiti ya kuaga sigara, maana daktari mwenyewe alisema ni visababishi viwili. Haifai kuviaga kwa mkupuo mmoja.