Mama Faili Anasubiri Saini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeuleta udhuru huo na kuondoka, Muuguzi Mkuu, waheshimiwa wakuu wa vitengo, madaktari mlioko zamu na mnaojifanya mko zamu, pamoja nanyi ndugu wagonjwa wa mabenchi ya mapokezi, ambao kwa kuwa mlikuwepo tayari tumewahesabu kama wageni waalikwa: hamjambo? (Wachache: "Hatujambo.") Hamjambo tena? (Kikohozi.)

Mimi, Mkurugenzi wenu, nimesimama hapa kwa ule unyenyekevu wangu ambao wengi wamenisifia, ili kumuaga karani wetu wa masjala, mama huyu aliyekaa na begi mapajani, mnayemwita Mama Faili, ambaye leo anapanda ndege kwenda ng'ambo kwenye kongamano la waandishi wa programu za kompyuta, kwa ufadhili kamili wa tiketi na malazi, baada ya kuunda mfumo unaotafuta mafaili ya wagonjwa yaliyopotea. (Vigelegele, makofi marefu.) Asanteni. Mnanipigia makofi mengi mno. (Muuguzi Mkuu: "Ni ya kwake!") Tutagawana, Muuguzi Mkuu.

(Mama Faili: "Samahani, Mkurugenzi. Ile barua yangu ya ruhusa imebaki saini yako tu. Bila hiyo nitahesabika mtoro kazini, na teksi iko nje.")

Barua ninayo mfukoni, mama. Ratiba inasema hotuba kwanza.

Ndugu zangu, tukirejea kwenye usuli wa kihistoria, miaka miwili iliyopita alikuja hapa mzee mmoja, fundi viatu, kwa ajili ya upasuaji wa jicho. Faili lake halikuonekana, akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata halikuonekana. Alipokuja mara ya tatu, jicho lenyewe lilikuwa limeshakufa. Kiutawala tukio hilo tuliliita changamoto ya ufuatiliaji, na tukaliundia kamati. Mama Faili hakuliita kitu. Wenzake wanasema alikaa sakafuni katikati ya rafu akalia, na kesho yake akamwomba mtunza stoo ile kompyuta kuukuu iliyokuwa ikizuia mlango wa stoo usijifunge.

Hapo ndipo menejimenti ilipotoa mchango wake mkubwa, kwa maana ya kwamba hatukugundua kuwa kompyuta hiyo imeondoka. Kwa miezi kumi na minne, kila saa ya chakula, mama huyu alijifundisha kuandika programu, mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine na kipande cha mkate. Tulipogundua, tulimtia moyo kwa njia ya barua ya onyo. (Mama Faili: "Mbili.") Kwa njia ya barua mbili, nashukuru kwa takwimu.

Sasa mfumo ukawa tayari. Unaandika namba ya mgonjwa, unaambiwa faili liko chumba gani, rafu gani, na nani alilichukua mara ya mwisho. Ufanisi wa masjala ukapanda kwa asilimia tisini na tatu nukta nne, na siku ya kwanza tu ikabainika kwamba mafaili thelathini na moja yaliyodhaniwa kupotea yalikuwa ofisini kwangu, chini ya sinia la chai, ambako nilikuwa nikiyahifadhi kimkakati. (Kicheko.) Msicheke, ni sera. (Sauti kutoka benchi la nyuma: "Na la fundi viatu?") Swali hilo litajibiwa kwa maandishi.

(Mama Faili, taratibu: "Lilikuwemo.")

(Mkurugenzi anafunua ukurasa.)

Naam. Tuendelee na mambo ya maendeleo.

Watu wa kongamano walipoandika kwamba wamemchagua, ofisi yangu, kwa kuzingatia itifaki, ilipendekeza niende mimi. Wakajibu wakiniomba nieleze mfumo unavyofanya kazi. Nikawaandikia kurasa nne, kwamba mfumo unafanya kazi vizuri. Hadi leo wako kimya, jambo linaloonyesha kwamba maelezo yalijitosheleza. (Honi ya teksi. Muuguzi Mkuu: "Mkurugenzi, ndege haitamsubiri!") Nina kurasa sita tu zimebaki. (Mabenchi yote: "Saini! Saini! Saini!") Jamani, utaratibu… (Muuguzi Mkuu anasogea mbele, anainama, anampa mgongo uwe meza ya kusainia.) Basi, basi. Kalamu yangu haiandiki. (Kalamu kumi na moja zinanyooshwa.)

Haya, nimesaini! Na iingie kwenye kumbukumbu kwamba nimesaini kwa hiari. Lakini mama, kabla hujaondoka, ukifika kule uwaambie kwamba matunda haya yametoka kwenye Kituo changu cha Ubunifu wa Kidijitali.

(Mama Faili: "Kituo gani?" Anaikunja barua na kuitia kifuani. Kisha anawageukia wa mabenchi: "Jamani, mwenzangu wa masjala anaujua mfumo wote. Asikubali mtu kuambiwa arudi wiki ijayo." Shangwe. Watu wanainuka na kumsindikiza hadi kwenye teksi; mmoja kabeba begi, wengine wanaimba.)

Ndugu wananchi! Ndugu wananchi mliobaki! Naona umebaki wewe tu, mama mwenye mguu wa plasta. Tuhitimishe pamoja. Ubunifu, juu! Dijitali, mbele! Mafaili, hoyee! Kwa niaba ya Kituo, namshukuru mkandarasi, ambaye tutamtafuta, nawashukuru wakufunzi, ambao tutawaajiri pindi kibali kitakapoombwa, nakishukuru kiwanja chenyewe, popote kilipo, na zaidi ya wote nakushukuru wewe mama, ambaye wenzako wote wamekimbilia teksi lakini kwa uzalendo wako umebaki kunisikiliza hadi mwisho.

(Mama: "Mwanangu, nitatembeaje?")