Soda Saba za Baba Kulwa

Leo nimejivua nguo mahakamani. Kwa mdomo wangu mwenyewe, jamani, wala hakunisukuma mtu!

Jirani yangu hapa Ngokolo, Baba Kulwa, alinikopa laki tano akachimbe dhahabu huko Geita. Nikampa, riba laki moja kila mwezi. Ila mimi neno riba silitamki. Nilisikia ukikopesha kwa riba bila leseni, serikali inakushughulikia. (Na mpangaji wangu wa chumba cha nyuma simwelewielewi, huenda ni mtu wa serikali.) Kwa hiyo mbele ya shahidi wetu, balozi wa mtaa, nikasema: "Utarudisha laki tano, na soda kila mwezi." Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza. Tukaelewana. Karatasi sikutaka, karatasi husomwa na watu.

Miezi saba, kimya. Nyumba yangu inavuja, fundi nimeshamwahidi bati kwa hiyo hiyo hela, laki kumi na mbili nzima. Nikamshtaki Mahakama ya Mwanzo.

Leo asubuhi nafika, namkuta Baba Kulwa kakaa kwenye benchi. Miguuni ana mzigo, kaufunika kitenge.

"Mwangaluka, mayu!" ananisalimia, meno yote nje.

Mtu anadaiwa halafu anacheka? Karani akapita, wakasalimiana Kisukuma, wakacheka tena. Nikajua hawa wameshapanga. Na ule mzigo ama ni dawa ya mganga, ama ni zawadi ya hakimu. Nikahamia benchi la mbali, kitambaa puani. (Dawa nyingine hupigwa kwa harufu.)

Tukaitwa. Hakimu, mama mmoja mpole wa miwani, akasoma madai yangu, laki tano na soda za miezi saba, akanigeukia.

"Mdai, hii soda ni nini?"

"Ni soda, mheshimiwa."

"Nauliza kwa sababu kama ni riba, nitataka kuona leseni yako ya kukopesha. Unayo?"

 Huyu nani kamwambia? Mpangaji!

"Riba? Mimi si mkopeshaji wa kausha damu, mheshimiwa! Ni soda tu."

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa."

"Ngapi kwa mwezi?"

"Moja." (Hapo nilitamani kulia.)

Balozi naye akasimama, akasema kwa masikio yake alisikia soda. Kukonyezana hakukutaja, mnafiki yule!

Mara Baba Kulwa akainamia mzigo wake. Nikaruka kama nimekanyaga moto.

"Asiguse! Mheshimiwa, huyu kaja na dawa! Ufunuliwe hapa hapa, watu wote waone!"

"Una uhakika, mama?"

"Ufunuliwe!"

Karani akavuta kitenge. Kreti. Ndani yake soda saba za machungwa, zimepangwa vizuri.

Mahakama ikalipuka. Askari wa mlangoni alishika ukuta kwa kucheka. Hakimu akavua miwani, akajifuta macho, akaivaa tena.

"Laki tano mdaiwa anakubali na ameileta. Soda za miezi saba ndizo hizo. Una dai jingine?"

 Niseme ni riba nilale ndani?

"Sina, mheshimiwa."

Nje Baba Kulwa akanikabidhi hela yangu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kisha akanitwisha kreti.

"Wabeja, mayu, asante sana. Ila chupa usizivunje, na kreti ni ya dukani, wanaitaka kesho."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, chupa zinagongana kichwani, mtaa mzima umetoka nje kuangalia. Fundi kapiga simu, sijapokea. Mpangaji kaniuliza, "Mama, kuna sherehe?" Huyo anahama mwezi huu.

Basi, msinicheke. Mnaotaka kuja kunipa pole karibuni sana, ila kila chupa hapa imenigharimu laki moja. Mtakunywa maji.