Kigoda cha Msanii Asiyejulikana

Upepo wa Julai ulikuwa umeamkia mtaa wa Izia, huku nyanda za juu, na wembe mkononi. Kwenye jiko la kahawa la mzee Shigela, nje ya karakana ya useremala, watu walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti ya mitumba, kila mmoja kakumbatia kikombe kama kifaranga. Wilibrodi, dereva wa bodaboda ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki, ndiyo maana wanamwita Spika, alikuwa akisoma tangazo kwenye simu.

"Sikilizeni! 'Karibu Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Tamasha la Sanaa za Majira ya Joto! Uchoraji, uchongaji, ngoma na maigizo!'"

"Majira ya nini?" mzee Shigela akauliza.

"Ya joto, mzee wangu."

"Mwezi huu wa saba? Mimi nimelala na soksi, na mke wangu kalala na soksi zangu zilizobaki!"

"Joto la Ulaya, mzee. Wageni wanasafiri na majira yao kwenye begi. Sisi tunaambiwa tu leo ni lini."

"Mnacheka maendeleo," akasema Limbu. Huyu aligombea udiwani mara tatu, akaangushwa mara tatu, mtaa ukampa cheo bure: Diwani. "Mkoa unafunguka. Watu wanatoka mbali kuja kuona sanaa. Ninyi mmekaa mnahesabu soksi."

Flavian alikuwa akichungulia simu yake. Ndiye mwenye karakana, kijiweni akiitwa Msumari, na siku hiyo masikio yake yalikuwa Kipili. Mama yake, Silvana, alikuwa ameteremka huko na wenzake sita kucheza nsimba, ngoma ambayo kigoda kinasuguliwa mdomoni mwa chungu mpaka chungu kinanguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Miaka thelathini kikundi kile kimecheza harusi, kipaimara na jubilei za mapadre. Kesho yake saa kumi kingecheza mbele ya wageni, juu ya jukwaa lenye taa. Kigoda alikichonga Msumari mwenyewe wiki ya Pasaka, na kabla ya safari alikipaka mafuta mara mbili.

Simu yake ikalia. Ilikuwa picha, kutoka kwa Monika, mdogo kuliko wote kikundini. Msumari akaitazama. Akaigeuza simu upande. Akaitazama tena.

"Kuna msiba?" Spika akauliza, akampokonya. "Aisee! Kigoda chako kimetandikiwa shuka jeupe! Na chungu pembeni. Kamba imezunguka pande zote. Na hapa pana kibao." Akaikuza picha. "'Kigoda cha Kifipa. Karne ya kumi na tisa. Msanii hajulikani. Tafadhali usiguse.'"

Mzee Shigela akaweka birika chini. "Msanii hajulikani?"

"Hajulikani, mzee. Yuko hapa anakunywa kahawa, lakini hajulikani."

"Poleni sana wafiwa," akasema mzee, akimshika Msumari bega. "Tangu karne ya kumi na tisa! Na bado unadaiwa meza ya sakristia."

Kijiwe kikavunjika kwa kicheko. Msumari akaichukua simu yake.

"Sasa mama zetu watasugua nini kesho?" akauliza.

"Si waazime kigoda kingine? Kipili hakuna vigoda?" mzee Shigela akauliza.

"Kipo kiti cha plastiki cha hotelini," akasema Spika. "Kisugue kwenye chungu uone. Kinalia kama panya kwenye mtego."

Msumari akapiga namba iliyokuwa kwenye barua ya mwaliko, ya Stanley, msimamizi wa maonyesho. Akaweka sauti kubwa, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wote.

"Fundi Vigoda!" sauti ikachangamka. "Niaje, kaka?"

"Kumbe namba yangu unayo."

"Nitaikosaje? Mama kaniambia ni wewe uliyekichonga. Kazi kubwa sana ile! Kuna mgeni kasimama mbele yake dakika ishirini, machozi yanamtiririka."

"Kama unajua nimekichonga mimi, mbona umeandika msanii hajulikani?"

Stanley akakohoa. "Hiyo ni lugha ya sanaa, kaka. Kitu kikishakuwa na mwenyewe, kinakuwa fanicha."

"Na karne ya kumi na tisa?"

"Kwani mti uliouchonga una miaka mingapi? Hatujadanganya, tumekadiria."

Spika akajiziba mdomo kwa kofia.

"Mpe mama kigoda," akasema Msumari. "Kesho wana ngoma."

"Hapo ndipo penye changamoto. Kimeshaingia kwenye orodha ya maonyesho, hakitoki mpaka tamasha lifungwe. Ila akina mama wasiwe na wasiwasi. Tumewatafutia muziki wa kompyuta, wao watatingishika tu. Halafu, kaka, nikuombe kitu. Usiende mtandaoni kusema ni chako. Kuna jumba la makumbusho la ng'ambo linakiulizia. Ukijitokeza, hawakitaki tena."

Simu ikakatika. Kijiwe kikalipuka.

"Mcheza kwao hutunzwa!" Spika akapiga paja. "Na wamekitunza kweli, wamekifungia kamba kama ng'ombe wa mahari!"

"Nyamaza wewe!" Diwani akafoka. "Msumari, nisikilize mimi, mtu mzima. Kaa kimya. Kigoda cha Izia kitapanda ndege! Wewe mwenyewe ndege unaiona tumbo tu, inapita. Kitawekwa kwenye kioo, kimulikwe taa, watoto wa wazungu wapange foleni. Hiyo ni heshima ya mkoa."

"Heshima ya mkoa, jina la nani?" Msumari akauliza.

"Jina ni kitu gani? Kwani Mungu kasaini milima?"

"Mungu anajulikana, Diwani," mzee Shigela akasema taratibu. "Ndiyo maana hahitaji kibao. Fundi wa Izia asipoandikwa leo, kesho watasema vigoda vilikuwa vinaota kama uyoga."

Kusema haki ya Mungu, ile ndege ilimtekenya Msumari. Alikiona kigoda chake ndani ya kioo, taa inakimulika. Lakini alipojitafuta yeye mwenyewe ndani ya picha ile, hakujiona.

Simu ikalia tena. Mama.

"Shikamoo mama," akasema, akiweka tena sauti kubwa.

"Marahaba, baba. Hamjambo huko? Baridi vipi?" Akahema kidogo. "Nimekwenda kukiangalia kigoda chetu. Wamekipendezesha. Nikanyoosha mkono nikifute vumbi, kijana mmoja akaniambia, mama, rudi nyuma kidogo, hicho ni cha mababu."

"Ukamjibuje?"

"Nimerudi nyuma."

Hata Spika aliangalia viatu vyake.

"Mama," akasema Msumari, "chungu azimeni kwa mama ntilie yeyote hapo mwaloni kwa wavuvi. Kigoda kinakuja na basi la saa nne."

"Kigoda gani tena, mwanangu?"

Msumari alikuwa amekwisha kumgeukia Diwani. Akamtazama usoni, kisha akashusha macho chini ya koti lake. "Diwani, simama."

"Nisimame niende wapi?"

"Simama tu. Gogo ni lile lile, Pasaka ni ile ile, mkono ni huu huu. Hicho unachokalia ni pacha wake."

"Msumari, mimi ni mtu mzima! Kiti hiki kimeshanizoea!"

Spika akamshika kwapa la kulia, mzee Shigela la kushoto. Diwani akanyanyuka, kikombe mkononi, bila kumwaga hata tone. Msumari akakipindua kigoda, akatoa msumari mfukoni, akachimba kwa nguvu upande wa chini, herufi baada ya herufi, unga wa mti ukimwagika magotini. Spika akainama, akasoma kwa sauti:

"'Flavian, fundi, Izia. Yuko hai.'"

"Kipige picha," akasema Msumari. "Mtumie Stanley, kisha weka mtandaoni."

"Wa ng'ambo watakikataa kile kingine, mshikaji."

"Wakikataa kitarudi nyumbani. Kina kazi."

Spika akakifunga kigoda kwa mpira nyuma ya pikipiki, akaiwasha, akapotelea njia ya stendi na vumbi lake. Msumari akaingia karakanani bila kuaga.

Diwani akabaki wima katikati ya kijiwe, koti limemfika magotini, kikombe kifuani. "Na mimi sasa nikae wapi?"

"Simama hapo hapo," mzee Shigela akasema, akipuliza makaa. "Ila ujitingishe kidogo kidogo. Ukitulia hivyo, na koti hilo, wageni wakipita watakufungia kamba."