Kadibodi na Mke wa Jaji

Jumatatu, 3 Novemba. Mwaka wa thelathini na tatu ugenini.

Ushindi! Klabu ya wazee imekubali: Jumamosi mchana tutaonyesha filamu yangu. Nasema yangu kwa sababu kule nyumbani niliionyesha mimi, kwa mtambo wangu, mpaka mkanda ukachakaa. Mke wa jaji, fundi wa piano, joto lisilovumilika, na jaji anakutwa akielea kwenye bwawa lake la kuogelea. Nani kamuua? Mtunza bustani. Nimewaeleza watu hivyo tangu ujana.

Mfamasia mstaafu akapinga. Ati ni mke. Ati aliiona ng'ambo alipokuwa masomoni. Bi Mshonaji, mjane wa mji wetu aliyeiona kwangu akiwa msichana, akasema basi Jumamosi itaamua. Jumapili ni harusi ya mjukuu wake, anataka wa kumsindikiza, na hatakwenda na mtu anayebishia asichokijua. Akatutazama sote wawili. Nikanyoosha tai.

Jumatano, 5 Novemba.

Nimeiangalia nyumbani, mapazia yamefungwa. Mara ya kwanza bila kadibodi. Kule kwetu baraza la mji lilikataza mabusu. Tarumbeta la filamu likianza kulia kabla ya busu, kazi yangu ilikuwa kuziba lenzi kwa kadibodi, kuzima sauti na kugeuzia uso ukutani. Ukumbi mzima ulipiga miluzi. Sikuchungulia hata siku moja.

Ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Mistari ya kivuli cha dirisha begani mwa yule mwanamke. Barafu ikiyeyuka kwenye glasi na hakuna anayesema kitu. Kisha tarumbeta, kitanda na, jamani, hapo hapo kitandani wanapanga kumzamisha jaji! Kila kitu! Mtunza bustani anapunguza ua wa miti tu.

Binti yangu akaingia wakati huo huo. Nikasema nafanya utafiti.

"Baba, tafiti ukiwa umevaa miwani. Pua iko kwenye kioo."

Alhamisi, 6 Novemba.

Mpango: kadibodi ya boksi la viatu, kuziba kile kitanda. Mwenyekiti amekubali. Kuna bibi mmoja mwenye presha, nimemwambia, tumwonee huruma. Akanisifu kwa maadili.

Jumamosi, 8 Novemba.

Tarumbeta. Kadibodi. Giza. Nikageuzia uso ukutani. Mwili wenyewe unakumbuka. Nikapeleka mkono wa kushoto kuzima sauti. Hakuna kitufe. Sauti ya ukumbi huu inaendeshwa kutoka meza ya nyuma. Meza ya nyuma kaketi mfamasia. Akaipandisha.

Wazee gizani wakamsikia mke wa jaji akieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kupika, namna ya kumshika mumewe miguu. Bila picha ilikuwa moto zaidi. Bibi mwenye presha akaomba irudiwe.

Taa zilipowashwa Bi Mshonaji akaja, akaichukua kadibodi, akaigeuza huku na huku kama kitambaa chenye kasoro.

"Kumbe, Bwana Sinema, muuaji ulikuwa naye wewe, nyuma ya hii. Na marehemu mume wangu nilimnunia wiki nzima kwa kumtetea huyo mtunza bustani."

Nikasema nilikuwa nalinda heshima yake. Akajibu kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kwamba kesho atakwenda na mfamasia.

Jumapili, 9 Novemba.

Wako harusini. Mpwa wangu amepiga simu kutoka nyumbani. Ukumbi wetu wa sinema, uliogeuzwa ghala la magodoro, unafunguliwa tena. Wanataka filamu ile ile, nami niwe mgeni wa heshima. Wazee bado wanamlaani mtunza bustani, akasema. Kwa kinyozi, anayemtetea anatolewa nje. Nikakiona akilini kidirisha changu cha mtambo, vumbi likielea ndani ya mwanga. Nikauliza kama kadibodi itakuwepo. Akacheka. Siku hizi hapana, mjomba, itaonyeshwa nzima.

Mchana huu nimeiangalia tena, nikimfuata mtunza bustani peke yake. Hakuna popote wanapoonyesha yeye alikuwa wapi wakati jaji anakufa. Na viatu vyake vimelowa! Kesho nitamweleza Bi Mshonaji.

Nyumbani sitarudi.